Molekuli ileile, sakafu tofauti

Ahsante, mwenyekiti. Muda ni mfupi, kwa hiyo nitashika molekuli moja tu: pentasini. Ni pete tano za kaboni zilizoungana kwa mstari, urefu wake kama nanomita 1.5, na nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita. Ukiipasha moto ndani ya ombwe inageuka mvuke, kisha inatua juu ya chochote ulichokiweka pale, ninachokiita sakafu. Hapo ndipo utamu ulipo.

Weka kipande cha silikoni chenye oksidi juu yake. Oksidi haiivuti sana pentasini. Molekuli zinavutana zenyewe kwa zenyewe zaidi, basi zinasimama karibu wima, zimesongamana kama mabua ya mahindi. Sasa weka dhahabu safi. Elektroni zilizotanda juu na chini ya zile pete zinavutwa na metali, na molekuli inalala kifudifudi.

Kusimama na kulala si ajabu sana. Linalonivutia mimi ni jingine. Katika fuwele kubwa ya pentasini, yaani molekuli zilizojipanga kwa mpangilio unaojirudia, kutoka tabaka hadi tabaka ni takriban nanomita 1.41, maana molekuli zimeinama. Pima kwa eksirei utando mwembamba uliokulia juu ya oksidi: 1.54. Zimenyooka zaidi! Huo ni muundo mwingine kabisa, na aliyeuleta ni sakafu. Utando ukinenepa, muundo wa kawaida nao huchomoza, na kwenye grafu ya eksirei utaona vilele viwili jirani, sampuli ikiwa moja.

Najua kuna atakayeuliza: sehemu ya kumi ya nanomita, ya nini? Haya, tazama transista ya pentasini, yaani swichi ndogo ya umeme. Umeme wake hupita katika matabaka machache ya mwanzo, yaleyale yanayopakana na oksidi. Chaji huruka kutoka molekuli hadi jirani yake ubavuni, kwa hiyo zikisimama wima, safari inakwenda sambamba na sakafu, elektrodi hadi elektrodi, yaani kutoka pale umeme unapoingilia hadi unapotokea.

Kasheshe ni kwamba elektrodi zenyewe mara nyingi ni za dhahabu. Pale ukingoni mpangilio unavurugika, punje za fuwele zinakuwa ndogondogo, na umeme unasuasua kuingia. Dawa yake ni kuiloweka dhahabu kwanza katika thioli, molekuli zenye salfa: salfa hiyo inaing'ang'ania dhahabu na kuifunika kwa tabaka lenye unene wa molekuli moja. Pentasini ikitua hapo haigusi tena metali, na inasimama.