Punguza Kwanza, Ndipo Ubane

Ndugu zangu, leo tunaanza na hesabu. Picha ya kamera ya megapikseli 12 ina pikseli, yaani vidoti vya rangi, 4000 kwa 3000. Zidisheni: milioni 12. Kila pikseli inabeba namba tatu, ya wekundu, ya kijani na ya buluu, na kila namba inakula baiti moja. Kwa hiyo picha hiyo ikishafunguliwa, kifaa kinabeba si chini ya megabaiti 36, hata kama faili yenyewe inasomeka megabaiti 4.

Kupunguza vipimo ni kazi moja, kubana faili ni nyingine. Niliwahi kuletewa picha ya kuweka kwenye tovuti, mwenyewe anajisifu: “Nimeibana mpaka kilobaiti 300!” Naitazama, upana bado pikseli 4000 na nyuso za watu zimekuwa vigae. Simu ya msomaji inahangaika na megabaiti zile zile 36. Angeishusha kwanza hadi 1200 kwa 900, ingebaki na pikseli 1,080,000, sehemu moja ya kumi na moja tu. Hapo ubora wa 80, ile namba mnayochagua wakati wa kuhifadhi, ungempa uzito huo huo au pungufu, na nyuso zikabaki nyuso.

Vigae vinatoka wapi? JPEG, mfumo wa kubana picha uliopitishwa 1992, huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8. Ndani ya kila kipande hupima mwanga unavyobadilika: polepole au ghafla. Mabadiliko ya polepole huyatunza, ya ghafla huyapunja, kwa kuwa jicho letu haliyafuatilii sana. Kwenye anga au ukuta hamtaona kitu. Lakini herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe? Ukingo wake wote ni ghafla tupu, ndiyo maana huzungukwa na vumbi. Nembo na picha za skrini zihifadhini kwa PNG, aina nyingine ya faili la picha ambayo haitupi chochote. Picha ya mandhari mkiihifadhi hivyo, itawalemea bure.

Nimeulizwa hapa, kwa nini 80? Mimi huanzia hapo tu. Namba hiyo si asilimia, na 80 ya programu hii si 80 ya ile. Ikuzeni picha hadi ukubwa wake kamili, mtazame nywele na ukingo wa bega lililo mbele ya anga. Pakianza kuchafuka, rudini juu kidogo. Na ile namba ya pikseli 72 kwa inchi mnayoambiwa kila siku, achaneni nayo. Ni ya wachapaji, kivinjari hakiiangalii.

Jambo jingine: JPEG mkiihariri na kuihifadhi upya, inatupa tena sehemu ya picha. Fanyeni kazi kwenye nakala, picha asilia isiguswe. Nakala hiyo iondoleeni pia taarifa za mahali, maana simu nyingi huandika humo latitudo na longitudo za pale mliposimama.

Haya, fungueni picha mliyokuja nayo. Kabla ya kugusa chochote, nisomeeni upana wake.