Anayemdai Marehemu Ajitokeze: Mhadhara Kuhusu Deni la Majimaji

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za jioni.

Nianzie msibani, mahali ambapo kila mmoja wetu amewahi kusimama. Kaburi limekwisha kufukiwa, watu wanafuta udongo mikononi, ndipo msemaji wa familia anapotoa lile tangazo tunalolijua sote: kama yupo anayemdai marehemu, aje aonane na familia. Haulizi deni ni la mwaka gani. Hasemi kwamba yeye hakukopa. Anajua kesho kutwa watakaa kugawana nyumba na shamba, na ni aibu mrithi kuchukua shamba akalikana deni. Waislamu mnalijua hili vizuri zaidi: mirathi haigawanywi kabla deni la maiti halijalipwa.

Nimeombwa nijibu swali moja. Je, serikali ina deni kwa wajukuu na vitukuu wa watu iliowaua zamani kwa sababu ya rangi yao? Nasema ndiyo, inalo. Nitalieleza kwa vita tunavyovijua, Vita vya Majimaji, na kwa mdaiwa tunayemjua, dola la Ujerumani.

Julai 1905, kule Nandete, Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. Shamba lile lilikuwa la lazima, chini ya jumbe na akida, watumishi wa serikali ya kikoloni, na kiboko kilikuwa karibu. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba mahali pengine watu waliyakataa. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alikuwa amekwisha kutoa maji yake ya dawa, na mapema Agosti Wajerumani walimnyonga. Walidhani wamemaliza. Vita vikaenea Ungindo, Mahenge, Ungoni. Tarehe 30 Agosti maelfu waliikabili boma ya Mahenge wakiamini risasi zitageuka maji, na bombomu, yaani bunduki ya rashasha, ikawafyeka.

Lakini naomba tusisimame kwenye bombomu, maana hapo ndipo masomo yetu ya shule husimama. Wengi hawakufa kwa risasi. Mwaka huohuo wa 1905 Kapteni von Wangenheim wa jeshi la Wajerumani aliandika maoni yake kwamba mapigano peke yake hayatafika mbali, na kwamba njaa na dhiki tu ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa. Chini ya Gavana von Götzen, ushauri huo ukawa mwenendo wa vita. Vikosi vilipita kijiji kwa kijiji vikichoma nyumba, vikichoma maghala, vikibeba au kuteketeza mtama na mahindi, hata mbegu ya msimu uliofuata. Mkulima asiye na mbegu hana mwaka ujao. Serikali ya Ujerumani ilikiri vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wazungu waliokufa walikuwa 15.

Sehemu za Ungindo hazikupata tena watu wake. Pori lilirudi mashambani, wanyama wakafuata, na baadaye nchi kubwa ya kule ikawa pori la akiba la Selous. Mgeni anayelipia safari ya kwenda kutazama tembo anaambiwa hapo ni asili isiyoguswa. Mimi maneno hayo yananiuma kila ninapoyasikia.

Kwa nini naiita hii jinai ya rangi? Kwa sababu wakati uleule, Afrika ya Kusini Magharibi, yaani Namibia ya leo, jeshi la dola hilohilo lilikuwa likiwafukuza Waherero wafie jangwani kwa kiu, kwa amri ya Jenerali von Trotha ya Oktoba 1904. Na kwa sababu vichwa vya waliouawa vilifungwa masandukuni vikapelekwa Berlin kupimwa, ili kuthibitisha daraja za wanadamu. Hapa Songea, Februari 1906, wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa, na Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, alinyongwa siku hizohizo. Ukoo wake unasema kichwa chake kilichukuliwa. Kaburi lake mnalo. Kichwa hamnacho.

Sasa tuje kwenye hoja za wanaokataa kulipa, maana wapo, na baadhi ni watu waungwana.

Hoja ya kwanza husema ni zamani mno. Nimeitafakari sana hoja hii, na kila ninapofuata fedha zilikokwenda naiona inaporomoka. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake ilitoa pauni milioni 20, ikawalipa wenye watumwa. Watumwa hawakupata hata senti. Mkopo uliotumika kulipa fidia hiyo ulimalizika mwaka 2015. Maana yake wengi wetu hapa tulikuwa hai Uingereza ikilipa bado. Haiti ilijikomboa kwa damu, halafu mwaka 1825 Ufaransa ikaitoza faranga milioni 150 kufidia walowezi waliopoteza mashamba na watu. Kiasi kilipunguzwa baadaye hadi milioni 90, lakini madeni yaliyozaliwa na malipo hayo hayakuisha hadi 1947. Wajukuu wa watumwa walilipa. Hakuna aliyewaambia ni zamani.

Na Ujerumani yenyewe? Tarehe 3 Oktoba 2010 ilitoa malipo ya mwisho ya hatifungani zilizotokana na fidia ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 2010! Mahakama yake ya katiba ilikuwa imekwisha kusema, mwaka 1973, kwamba dola la Kijerumani halikufa na kwamba Jamhuri ya Shirikisho ndiyo dola lilelile. Basi mdaiwa yu hai, kwa kauli ya mahakama yake mwenyewe.

Liko tukio jingine, hili la hapa kwetu. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari Waafrika waliompigania Kaizari katika Vita Kuu ya Kwanza, chini ya kamanda Lettow-Vorbeck, na walikuwa bado hai. Ilikuwa imepita miaka 46 tangu vita hivyo kwisha. Ofisa wa benki alikuja hadi Mwanza na fedha. Inasimuliwa kwamba wazee waliofika bila cheti walipewa ufagio, wakaamriwa kwa Kijerumani waushike kama bunduki, na mikono yao ilikuwa haijasahau. Siwaonei kijicho wazee wale. Mshahara ni haki ya aliyeufanyia kazi. Lakini nchi moja ilivuka bahari kumtafuta mtu aliyeibebea bunduki, na haikumtafuta mwenye ghala lililochomwa na watu wenye bunduki hizo.

Hapa pana jambo la kuuma, na sitalikwepa. Askari wale walikuwa Waafrika. Wako Wasudani, wako Wanyamwezi, wako wa makabila mengine mengi, na ruga-ruga, wapiganaji wa msaada waliowafuata, walipora kwa faida yao. Baadhi yetu tumetoka pande zote mbili. Hilo tulizungumze sisi kwa sisi, kwenye vikao vyetu. Amri ya kuchoma, hata hivyo, ilitoka kwa gavana aliyeapishwa na dola, fedha zilitoka kwenye hazina ya dola, na taarifa za vifo zilipelekwa kwenye bunge la dola.

Hoja ya pili ni ya wanasheria: sheria za wakati ule hazikukataza. Nauliza, nani alizitunga? Aliyechomewa ghala alikaa kwenye baraza gani? Isitoshe, si kweli kwamba watu wa wakati ule hawakujua. Mbunge August Bebel alisimama katika bunge la Ujerumani kulaani ukatili wa makoloni. Desemba 1906 bunge hilohilo lilikataa kuongeza fedha za vita vya Kusini Magharibi, na serikali ikalivunja. Walijua. Walibishana. Kisha wakaendelea.

Ya tatu husema wajukuu hawajulikani. Mwambie hivyo Mngoni! Mtu anayetaja ukoo wake kwa kila salamu utamwambia hajulikani? Januari 1923 kundi la Wazungu lilikichoma kitongoji cha Rosewood, Florida, na Weusi waliobaki wakakimbilia vinamasini. Mwaka 1994 bunge la Florida lilipitisha sheria ya fidia ya dola milioni 2.1: walionusurika wakalipwa, na wazao wakawekewa mfuko wa masomo. Waliwapata wazao. Na Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba, kwa kupima vinasaba, imegundua ndugu walio hai wa mtu ambaye fuvu lake lilikuwa kwenye makusanyo yake, mtu aliyeitwa Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi. Vinasaba vimekubali. Kinachosubiriwa ni nia.

Wakenya wametufundisha kitu hapa. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki Uingereza, serikali ilijitetea kwamba deni hilo, kama lipo, lilihamia kwa Kenya siku ya uhuru. Fikirini: aliyeteswa adai kwa aliyekombolewa naye! Hakimu alikataa hoja hiyo mwaka 2011, na mwaka huohuo mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, huko Uingereza, yakajitokeza. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za mawakili, kwa wadai 5,228. Walikuwa wazee sana. Kesi ya kundi jingine la watu zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018.

Kuhusu Namibia nitasema kifupi, kwa kuwa ndiko tunakoweza kujikwaa. Mwaka 2021 Ujerumani ilikiri mauaji ya kimbari na kuahidi yuro bilioni 1.1 kwa miaka 30. Lakini ilikataa kuziita fidia. Ziliitwa fedha za maendeleo. Makundi mengi ya wazao wa Waherero na Wanama yalikataa, yakisema serikali mbili zimekaa mezani na wao wako nje ya mlango. Naona walikuwa na haki. Msaada hutolewa na mwenye huruma, anaweza kuuongeza au kuukata. Deni halisubiri huruma.

Novemba 1, 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akaonana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda mababu zetu. Aliahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Nduna Songea. Mimi naamini alikuwa mkweli, na kwa wengi siku ile ilikuwa ya machozi. Lakini aliyesimama makaburini amekwisha kukiri undugu na marehemu. Hatua inayofuata inajulikana.

Mwaka 2017 serikali yetu ilisema bungeni, kwa kinywa cha Waziri wa Ulinzi Hussein Mwinyi, kwamba itadai fidia ya Majimaji. Kauli hiyo ifufuliwe. Sitaki roho ya mtu igawanywe kwa shilingi, kila kichwa na bei yake. Sijui hesabu hiyo na sitaki kuijua. Ninachotaka ni bunge la Ujerumani kukiri kwa azimio kwamba njaa ile ilipangwa. Nataka mabaki yote yatafutwe na kurudishwa kwa gharama ya aliyeyachukua. Na nataka mfuko, uitwe fidia kwa jina lake, uende Kilwa, Liwale, Mahenge na Songea, ukiongozwa na watu waliochaguliwa na koo zenyewe, wizara ikikaa kama shahidi. Maghala yalichomwa huko. Mbegu irudi huko.

Nimeona wazee wa ukoo wameketi mstari wa mbele. Nimesema ya vitabuni; wao wanayo ya nyumbani. Naomba kipaza sauti kipelekwe kwao kwanza.