Vidole Vinapoacha Kusukuma Ardhi

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi mliowasindikiza, karibuni. Nitasema juu ya unyayo tu, magoti tuyaache kwa siku nyingine.

Mtu anapotembea, kila mguu hukaa chini takriban asilimia 60 ya muda wa hatua zake. Katika muda huo uzito una njia yake: hutua kisiginoni, hupita ukingo wa nje wa wayo, huingia sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, na kuishia kidole gumba, ambacho huisukuma ardhi ili mwili uende mbele. Maabara huipima njia hiyo kwa zulia lenye vihisi vidogo vingi. Kompyuta huchora unyayo kwa rangi: nyekundu palipogandamizwa sana, buluu palipoguswa kidogo.

Wengi wakiiona picha hiyo hukimbilia pekundu. Kwa mwenye kisukari wana haki, maana mguu wenye ganzi hausikii maumivu, naye huendelea kukanyagia palepale hadi chini ya sugu panakuwa kidonda. Kwa wazee wengine mimi hutafuta kwanza palipofifia, na mara nyingi ni vidoleni. Hatua zimekuwa fupi, kisigino kinatua taratibu, katikati ya wayo panakaa chini muda mrefu, kisha mguu unanyanyuliwa mzimamzima kama wa mtu anayetoka topeni. Mwendo wa polepole wenyewe hupunguza mgandamizo, hata kwa kijana, kwa hiyo msikubali picha ya babu ilinganishwe na ya mjukuu anayekwenda mbio.

Mwaka 2006 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 176, wenye wastani wa miaka 80, kwa miezi 12. Walioanguka walikuwa na vifundo vigumu zaidi, kidole gumba kilichopinda zaidi, nyayo zenye hisia hafifu na vidole dhaifu. Yote hayo muuguzi wa zahanati anaweza kuyachunguza bila zulia la gharama. Keti, weka kadi ngumu chini ya kidole gumba, uigandamize, mwenzako aivute. Ikichomoka kirahisi, kidole kimelegea.

Kikilegea si basi tena. Mwaka 2011, hukohuko Australia, wazee 305 wenye maumivu ya miguu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili likaongezewa soli za ndani, ushauri na msaada wa kupata viatu bora, na mazoezi ya nyumbani ya vifundo na vidole. Kundi hilo la pili lilianguka kwa asilimia 36 pungufu. Ni kipi hasa kilichosaidia, viatu au mazoezi? Vilitolewa pamoja, hivyo nami navitoa pamoja. Kandambili zibaki za bafuni. Barabarani vaeni kiatu kilichofungwa nyuma, chenye nafasi ya vidole kunyooka. Jioni, mkiwa mmeketi, kokoteni taulo sakafuni kwa vidole. Wenye kisukari wakaguliwe nyayo kwanza, hata katikati ya vidole, kabla ya kuligusa taulo hilo.

Haya, maswali.