Mama Mdogo Amesimama Mlangoni

NEEMA: Karibuni tena. Tunarekodi tukiwa Chang'ombe hapa Dodoma, upepo umeanza, mkisikia bati linagonga mtuvumilie. Kaka Daudi, leo nianze mimi, maana ni la nyumbani kwetu.

DAUDI: Anza dada.

NEEMA: Mama mdogo wangu ana sindromu ya Down, umri miaka 52. Kuchambua mlenda ndiyo kazi yake tangu nimekuwa na akili zangu. Anakaa kwenye kigoda, majani huku, vijiti kule, wala hataki msaada. Mwaka jana akaanza kutia vijiti sufuriani, majani anatupa. Tukamgombeza. Naumia kulisema, lakini tulimgombeza.

DAUDI: Mlidhani ni nini?

NEEMA: Ukaidi. Jirani akasema karogwa. Tukampeleka kituo kimoja cha afya, aliyetupokea akauliza, "Si ndivyo alivyozaliwa?" Hata kumgusa hakumgusa.

DAUDI: Hapo ndipo wanapopotelea. Lolote likiwapata, wanasingiziwa ulemavu. Ndugu zangu, mwenye sindromu ya Down ana kromosomu ya 21, moja ya nyuzi zinazobeba urithi mwilini, mara tatu badala ya mbili. Ndani yake imo jeni inayotengeneza protini ambayo amiloidi hutokana nayo, yale mabonge ya kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu na akili polepole. Kwa hiyo hujikusanya mapema. Akifika miaka 40, karibu kila mmoja wao anayo tayari, hata kama dalili bado. Dalili huja mara nyingi kwenye miaka ya 50. Sisi tunaungoja uzee wa miaka 75!

NEEMA: Na kwake haikuanza na kusahau. Alianza kunyamaza. Yeye aliyekuwa anasalimia kila anayepita.

DAUDI: Tusikimbilie kusema ni demensia pia, yaani huko kupungukiwa akili na kumbukumbu kama kwa Alzheimer. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikilegea, mtu anazubaa, analala tu. Mtoto wa jicho, nta masikioni, sonona baada ya msiba, vyote vinafanana nayo na vinatibika. Apimwe hivyo kwanza. Na kifafa kikianza ukubwani, usisubiri, mpeleke.

NEEMA: Vipimo vya "leo tarehe ngapi" je?

DAUDI: Havimfai, tarehe hata zamani alikuwa hazijui. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa zamani. Ndiyo maana nawasihi wenye ndugu wa miaka 30 na kitu: mrekodini kwa simu leo, akivaa, akifua, akisimulia. Daktari atahitaji hiyo video.

NEEMA: Sisi hatukuwa nayo. Sasa nisikilize, kaka. Sebuleni mlangoni palikuwa na zulia jeusi. Akifika pale anasimama, anashika mwimo, mguu hauinuki. Tulikuwa tunamvuta mkono, analia. Siku moja mwanangu, ana miaka tisa, akasema, "Mama, bibi anaona shimo."

DAUDI: Ee Mungu wangu.

NEEMA: Nikalikunja zulia. Akaingia mwenyewe.

DAUDI: Mtoto ndiye aliyesimama pale anaposimama bibi, akatazama kama yeye. Ubongo huo hauoni tena vizuri kina cha kitu, rangi nyeusi sakafuni inakuwa korongo.

NEEMA: Mlenda bado anachambua. Namwekea kidogo kwenye ungo, nakaa naye, simkosoi. Akishalala ndiyo nautenga upya.