Ganzi ya neva kwa altrasaundi: tunafanyia mazoezi nyama ya ng'ombe

Haya jamani, karibuni. Leo hatuko thieta, tuko jikoni kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na mgonjwa wetu ni kilo moja na nusu ya mnofu wa paja. Kwa wageni: kazi yangu ni dawa za usingizi, na kitu ninachokipenda kuliko vyote ni mgonjwa kufanyiwa upasuaji wa mkono huku tunapiga naye stori, mkono umekufa ganzi, yeye macho makavu, bila nusu kaputi. Tunachoma dawa ya ganzi kando ya neva, yaani mshipa wa fahamu, huku tukiiona kwa altrasaundi.

Vifaa mnaviona: nyama, maji badala ya dawa, jeli, bomba la sindano la mililita 10, sindano ya mgongo geji 22 (huo ni unene wake), na probu, kile kishikio cha altrasaundi kinachogusa ngozi, iliyonyooka, siyo ile ya mviringo ya kuangalia mimba. Neva yetu ni hii kano ya kongoro. Muuza bucha aliniuliza, "Dada, kano tupu, supu utapika na nini?" Nikamwambia ni ya masomo. Akanipa bure, nadhani kwa huruma.

Toboa njia katikati ya mnofu kwa mpini wa kijiko, uvute kano ipite. Ila fanya hivyo nyama ikiwa imezama kwenye beseni. Imezama! Hewa ikibaki mle, mawimbi hayapiti, utaona weupe juu na kivuli chini, ukadhani mashine mbovu. Na bomba lako pia, toa hewa yote kabla.

Jeli, probu juu, kina cha picha sentimita 3 au 4. Gusa ukingo mmoja kwa kidole uone upande gani wa skrini unachezacheza, usije ukachoma kulia ukatafuta sindano kushoto.

Mwanangu, sogeza simu, naona kivuli cha kichwa chako. Hapo hapo.

Ile duara nyeupe ndiyo kano. Nikiinamisha probu kidogo, imepotea. Nikirudisha, hii hapa. Kano zina tabia hiyo kuliko neva, lakini neva nazo hufifia, kwa hiyo usikimbilie kusema mgonjwa huyu hana neva.

Sasa sindano. Ingia sentimita moja hivi kutoka ukingo wa probu, ukifuata urefu wake, na uilaze. Kadiri inavyolala sambamba na probu ndivyo inavyong'aa. Ukiisimamisha sana, hutaiona.

Hapa nisikilizeni. Ncha huioni, mkono usisogee. Mstari mweupe unaouona unaweza kuwa katikati ya sindano tu, na ncha iko mbali imeshatoka nje ya picha. Mimi nilipokuwa najifunza nilishika nyama kwa chini, nikaona mstari wangu mzuri, nikasukuma. Kumbe ncha ilishatokea upande wa pili. Niligundua kwa dole gumba. Kovu hili hapa, mwanangu leta simu karibu… basi, halionekani, lakini lipo. Fikiria ingekuwa karibu na mfupa wa bega, ambako pafu liko jirani.

Kwa hiyo ikipotea, simama. Sindano itulie, probu ndiyo itafute: teleza kidogo, zungusha kidogo, inamisha kidogo. Mkono mmoja kwa wakati. Ukisogeza yote mawili mtatafutana hadi… ah, mnaona? Nimeipoteza mwenyewe kwa sababu naongea. Simama. Teleza. Hiyo, imerudi. Sikuisukuma hata milimita. Bado una shaka? Sukuma nusu mililita ya maji, uone doa jeusi linafunguka wapi. Ncha ipo hapo.

Ikifika kando ya kano, kando, siyo ndani yake, sukuma maji taratibu. Angalia weusi unavyoizunguka mpaka inakaa kama kisiwa. Mimi hapa huwa natabasamu peke yangu.

Kwa mgonjwa, ukiwa na mwalimu wako pembeni, vuta bomba kwanza kuangalia damu, kisha sukuma dawa kwa awamu, mililita 3 hadi 5 kila mara. Akilalamika maumivu makali au bomba likawa gumu, acha. Na piga hesabu kabla: bupivakeini, dawa yetu ya ganzi, kikomo miligramu 2 kwa kilo, basi mtu wa kilo 50 ni miligramu 100, yaani mililita 20 za asilimia 0.5, hapo umemaliza. Mafuta ya mshipani ya asilimia 20, ya kumwokoa mgonjwa dawa ya ganzi ikigeuka sumu mwilini, yawe chumbani, siyo stoo iliyofungwa na mwenye ufunguo kaenda Ujiji.

Rudia mara ishirini, kisha badilisha mkono, utajicheka. Na kabla hamjauliza: hapana, nyama hii hailiwi, imejaa jeli. Leo kuna mgebuka. Mwanangu, zima.