Kadi ya Boti

SALMA: Assalaam alaykum wasikilizaji wetu. Ni mie Salma, na pembeni yangu yupo kaka yenu Hamadi, ambaye leo kaingia studio na limau mfukoni.

HAMADI: Waalaykumu salaam. Limau lina kazi yake, subirini.

SALMA: Leo tulipanga kuzungumza mambo matatu anayopaswa kufanya mteja akiona kampuni aliyoizoea imeanza kumsahau. Tumeyaandika, karatasi hii hapa mezani. Lakini kwanza niruhusuni nieleze yaliyonifika Jumamosi, maana yamenikaa kooni mpaka leo.

HAMADI: Eleza, dada. Mie kwenye simu nilisikia nusu tu, upepo ulikuwa mwingi.

SALMA: Basi. Wanaotusikiliza siku zote wanajua kila mwisho wa mwezi navuka kwenda Unguja kumtazama mama. Boti ninayopanda sitaitaja jina, lakini ni hiyo hiyo moja tangu 2011. Zimekuja nyengine, zikashusha nauli, wenzangu wakahama. Mie sikuhama. Wakanipa kadi ya msafiri wa mara kwa mara. Ukiwa nayo unapunguziwa nauli kila baada ya safari kadhaa, unapita mlango wa pembeni, na ukiwa na mgonjwa au mzee wanakutafutia kiti kabla abiria wengine hawajaingia. Hicho cha mwisho ndicho nilichokuwa nakipenda.

HAMADI: Na Jumamosi ulikuwa na mama.

SALMA: Nilikuwa namrudisha nyumbani. Alikuja Dar kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia limefungwa bandeji, la kushoto nalo haoni mbali, linasubiri zamu yake. Tumefika dirishani, nikatoa kadi. Yule kijana akaipokea kwa vidole viwili, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Kadi yenyewe imechakaa, pembe zimekuwa nyeupe, jina limebaki S, A, L, na mguu mmoja wa M. Akaisukuma kwenye kaunta ikanirudia. "Hizi tulishaziacha." Nikamuuliza, tangu lini? "Kitambo." Nikamwambia, mwanangu, mwezi uliopita nimeitumia hapa hapa. Akanyoosha shingo akamwita aliye nyuma yangu.

HAMADI: Na weye bado umesimama pale?

SALMA: Nimesimama, na mama kanishika mkono. Kisha akaniuliza, "Wamesemaje?" Maana haoni vizuri, hakuona ile kadi inavyosukumwa. Nikamwambia wamesema tupite mlango wa mbele. Nikasema uongo, Hamadi. Niliona aibu kumwambia mama yangu kwamba sisi pale hatujulikani tena.

HAMADI: Pole sana, dada.

SALMA: Tumeingia na foleni, jua la saa sita. Ndani, viti vyote vya katikati vimebandikwa karatasi, vimetengewa kundi la watalii. Mama akapata kiti mbele kabisa, juu. Na hili kusi linavyopuliza mwezi huu.

HAMADI: Lahaula! Mbele kabisa, tena juu?

SALMA: Juu.

HAMADI: Basi hapo ndipo limau langu linapoingia. Wasikilizaji, tafadhali, nisikilizeni kwa makini kwa sababu watu wanaumia bure. Boti ikikutana na wimbi, omo, yaani mbele, huinuka tezi, yaani nyuma, ikashuka, halafu tezi huinuka omo ikashuka. Ni kama ubao wa pembea wa watoto. Aliye ncha ya ubao ndiye anayerushwa. Aliyekaa katikati habanduki. Na boti ikilala ubavu, aliye juu anatupwa mbali kuliko aliye chini. Kwa hiyo ukitaka salama, katikati na chini. Siku zote.

SALMA: Ndiyo wazee wakasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

HAMADI: Wazee walikuwa wanazungumzia mtu kurudi kwao.

SALMA: Walikuwa kwenye jahazi, kaka. Walijua wanachosema. Ngama iko chini, ndani kabisa.

HAMADI: Haya, nakubali, ngamani. Kuanzia leo kipindi hiki tunasema: kaa ngamani. Sasa jambo la pili, macho. Ndani ya sikio kuna kiungo cha kupima mwendo. Kile kinasema tunapanda, tunashuka. Macho yako yanatazama kiti cha mbele, yanasema tumetulia tuli. Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalolipa. Dawa ni kutazama nje, pale mbingu na bahari zinapokutana. Macho yakiuona ule mstari, yanakubaliana na sikio.

SALMA: Hamadi. Mama jicho moja limefungwa, la pili halioni mbali.

HAMADI: Ndiyo maana nimeshtuka. Yeye mstari ule hakuwa nao. Alikuwa na sikio peke yake.

SALMA: Alitapika kabla hata hatujakiacha kisiwa cha Mbudya, hapo hapo Dar.

HAMADI: Kabla ya Mbudya! Pale bahari bado haijaanza.

SALMA: Na daktari alishamwonya asijikamue, asiinamishe kichwa, jicho bado bichi. Mie nimemshika paji la uso kwa mkono huu, namwambia mama usiiname, naye anaomba radhi. Anamwomba radhi dada wa kiti cha pili, mgeni wa watu, na yule dada naye anatutafutia leso. Zamani baharia alikuwa akipita na mifuko boti ikiwa bado gatini. Kila kiti, mfuko. Jumamosi kapita na mifuko tumeshauona mnara wa taa wa Chumbe.

HAMADI: Chumbe umeshafika! Mnara ule uko pale tangu 1904 unawaambia watu mmeshafika. Mfuko wa nini tena?

SALMA: Ndiyo nakwambia.

HAMADI: Na limau hukuwa nalo.

SALMA: Mama ana tangawizi. Mbichi, kaimenya kwa kisu, kaifunga kwenye kitambaa. Anaitafuna toka nyumbani.

HAMADI: Tangawizi inataka uimeze, na mtu mwenye kichefuchefu kumeza ndiyo shida yake. Limau unalikwaruza ganda kwa ukucha, hivi, unanusa. Unasikia?

SALMA: Nasikia, chumba chote kinanuka limau sasa. Lakini tangawizi hata wajawazito kliniki huambiwa waitumie. Limau lako kliniki gani wamelisema?

HAMADI: Kliniki ya mkondo wa Nungwi. Mie Mpemba, dada. Nyinyi wa Dar na Unguja bahari yenu saa moja na nusu, saa mbili, mmeshuka. Sisi tukitoka Malindi ya Unguja kwenda Mkoani, Pemba, tukiiacha ncha ya Nungwi hatuna kisiwa cha kutukinga, bahari kuu inatupiga ubavu. Boti nzima inanyamaza. Bibi yangu alikuwa na malimau saba kwenye ukaya. Anagawa. Hajakaa juu hata siku moja.

SALMA: Alikaa ngamani.

HAMADI: Alikaa ngamani, Mungu amrehemu.

SALMA: Amin. Sasa nirudi kwenye hoja yangu, maana unanichukua Pemba na mie nipo gatini. Ninachosema ni kwamba kampuni ile imebweteka. Imeona tupo tu, tutakuja tu. Nguvu zote imezielekeza kwa mgeni anayelipa kwa dola na atakayepanda mara moja. Mgeni njoo mwenyeji apone, hivyo tulifundishwa. Pale mwenyeji ndiye aliyeugua.

HAMADI: Hapo dada yangu sipo pamoja nawe.

SALMA: Kwa nini?

HAMADI: Boti iliondoka kwa saa yake?

SALMA: Iliondoka.

HAMADI: Mliandikwa majina? Mlikaguliwa vitambulisho? Kila mtu alikuwa na kiti, hakuna waliosimama kwenye ngazi?

SALMA: Kila mtu alikaa.

HAMADI: Maboya mlionyeshwa?

SALMA: Tulionyeshwa, kwenye televisheni.

HAMADI: Basi kwangu mie hiyo kampuni haijabweteka. Kubweteka nakujua. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilitoka Unguja kuja kwetu Pemba. Uwezo wake watu mia sita na kitu. Waliookolewa peke yao walizidi mia sita. Piga hesabu mwenyewe. Gatini watu walikuwa wanaiona imejaa, wapo walioshuka kwa hofu, na bado ikaachwa iondoke. Ikazama pale pale Nungwi. Orodha kamili ya majina hakuna, mtu hajui amtafute nani. Nyumba yetu ilitoa wawili. Mwaka haujaisha, Julai 18, 2012, meli ya Skagit ikazama karibu na Chumbe, mchana, ikitoka Dar. Mie tangu hapo nikipanda boti nauliza jambo moja tu: wamenihesabu? Kadi, mlango wa pembeni, hayo sina haja nayo.

SALMA: Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Na nyumba yenu naijua, tumekaa matanga pamoja. Lakini kaka, usiuchukue msiba ule ukaufanya kifuniko.

HAMADI: Sifanyi kifuniko.

SALMA: Unafanya. Kwa hesabu yako, kama sijazama basi nisiseme. Yule baharia wa zamani aliyekuwa akipita na mifuko gatini alikuwa anafanya nini? Alikuwa anatutazama usoni mmoja mmoja. Anajua huyu mzee, huyu ana mimba, huyu kapauka. Mtu anayekutazama ndiye atakayeona kwamba boti imezidi. Wakiacha kututazama leo kwenye mifuko, kesho wataacha kwenye idadi.

HAMADI: Hapana. Idadi siku hizi iko kwenye mashine ya tiketi na kwenye sheria. Haitegemei huruma ya baharia. Na isitegemee! Huruma ndiyo iliyokuwa inawapakia watu wa ziada: "Mwache na huyu apande, kwao kuna msiba." Mie nataka kijana wa dirishani asimjue mtu. Akijua watu, atampa kiti anayemjua, na bibi kama yangu, wa Wete, asiyejuana na mtu atakaa juu.

SALMA: Mimi sikupewa kiti kwa kujuana, nilipewa kwa safari zangu. Kila mwezi, tangu 2011!

HAMADI: Na kila safari ulifikishwa. Ulilipa, ukavushwa, mmemalizana.

SALMA: Kumbe tumemalizana?

HAMADI: Kibiashara, ndiyo. Tazama hata wale wakubwa wa duniani. Carnival, wenye meli za matembezi kule Marekani, mwaka 2025 walitangaza kwamba daraja la mteja halitahesabiwa tena kwa siku alizosafiri, litahesabiwa kwa pesa alizotumia. Na daraja lenyewe si la kudumu, una miaka miwili, kisha unalitafuta upya. Kuna watu walikusanya zile siku miaka ishirini. Wameumia, lakini meli ni ya mwenyewe.

SALMA: Hapo hapo umenisaidia. Wao walitangaza. Walisema mwaka mmoja kabla, kwamba ikifika Juni 2026 mambo yatabadilika. Watu wakalia, wakapiga kelele, lakini waliambiwa. Mie nimeambiwa "kitambo" na kijana anayetazama juu ya bega langu. Ujumbe mmoja wa simu ungewagharimu nini? Namba yangu wanayo, kila Idi wananitumia salamu.

HAMADI: Kwenye ujumbe nakubali. Walipaswa kukwambia.

SALMA: Basi wamebweteka.

HAMADI: Wamekosa adabu. Kubweteka ni kitu kingine, na neno lile mie silitoi ovyo.

SALMA: Na mimi nasema kukosa adabu na kubweteka, mlango ni huo huo mmoja.

HAMADI: Si mmoja.

SALMA: Mmoja, Hamadi. Mama yangu alikuwa na jicho lililoshonwa.

HAMADI: Na mie sina wa kumsindikiza gatini.

SALMA: …

HAMADI: Samahani. Sikukusudia kulisema hivyo.

SALMA: Umelisema sawa. Lakini sijabadilika.

HAMADI: Mie pia bado nipo pale pale.

SALMA: Haya. Tuvute pumzi. Jicho la mama, kwa walioanza kuuliza, liko salama. Jana kapimwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, daktari kaliona, mshono haukuguswa. Alhamdulillahi.

HAMADI: Alhamdulillahi. Mpe salamu zangu, na mwambie tangawizi aache.

SALMA: Hawezi kuacha. Kaniambia limau linamkausha meno.

HAMADI: Sikumwambia alitafune! Anuse!

SALMA: Nitamwambia anuse akiwa ngamani. Jamani, tunaoneshwa saa kwenye kioo. Dakika mbili, wenzetu wa kipindi cha mpira wako mlangoni. Hamadi, yale mambo matatu?

HAMADI: La kwanza lilikuwa tunza stakabadhi zako. Na la pili… hili mwandiko wako, silisomi.

SALMA: La pili lilikuwa refu. Acheni, karatasi naikunja, hatuyawezi leo. Walioandika maswali yao kuhusu kampuni za simu na mabasi, nimeyaona yote, mniwie radhi.

HAMADI: Kabla hatujatoka, jicho la pili ni lini?

SALMA: Tarehe 20 mwezi ujao. Namfuata Unguja nakuja naye.

HAMADI: Umeshakata tiketi?

SALMA: Bado. Nimeifungua simu mara tatu, nafika kwenye jina la boti naifunga.

HAMADI: Ukikata kwengine, uliza kwanza kama wanahesabu watu.

SALMA: Na nikikata pale pale?

HAMADI: Nenda mapema, mie nitakuja kuwapokea gatini. Na limau hili chukua.

SALMA: Lete. Wasikilizaji, kwaherini, wanagonga.