Kura Iliyopotea Bila Kuibiwa

Mhadhara kwa wanaojiandikisha kujitolea katika elimu ya mpiga kura, Likoni, Mombasa

Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nawashukuru kwa kuja na jua hili, hasa nyinyi mliotoka Mtongwe na Shika Adabu kwa miguu. Niliombwa nizungumze juu ya kujitolea. Nitaanza na karatasi ya kijani.

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, nilikaa kibarazani Timbwani na bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchicha. Nilikuwa na karatasi sita za manila nilizozikata mwenyewe, kila moja na rangi yake: nyeupe ya rais, bluu ya gavana, njano ya seneta, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, kijani ya mbunge, na ile ya hudhurungi iliyopauka ya mwakilishi wa wadi. Majina niliyoandika yalikuwa ya matunda. Embe, Nanasi, Papai, Ndizi. Sisi hatuandiki jina la mgombea wa kweli, hata kwa mfano, na nitawaeleza kwa nini.

Nikampa ya kijani na kalamu. Akapangusa mikono kwa leso, akaniuliza, "Nimtie nimtakaye?" Nikamwambia ndiyo, bibi. Akatia tiki safi kwa Embe. Kisha kalamu ikashuka. Nanasi, X. Papai, X. Ndizi, X. Akanirudishia karatasi kama mwalimu anayerudisha daftari.

"Hizi X ni za nini, bibi?"

"Hao siwataki, mwanangu. Nisipowatia kosa, watajuaje?"

Nikamuuliza amekuwa akipiga kura hivyo tangu lini. Akasema tangu karatasi iliporudi. Wazee mlio hapa mmeshamwelewa. Vijana, nieleze kidogo: mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo, watu walipangwa foleni hadharani nyuma ya mgombea wao, chifu anaona, jirani anaona, mwajiri anaona, na mgombea aliyevuka asilimia 70 alihesabiwa amepita moja kwa moja. Huo ndio mlolongo. Kura ya siri ilirudi 1992 pamoja na vyama vingi. Bibi huyu aliingoja karatasi ile kwa hamu, na akaitumia 1992, 1997, 2002, 2007, 2013 na 2017. Chaguzi kuu sita.

Sasa, msimamizi wa kituo akikunjua karatasi yenye alama mbele ya majina zaidi ya moja, huiinua mawakala waione, kisha huiweka kwenye fungu la kura zilizokataliwa. Hana ubaya na mtu. Sheria inamtaka aone chaguo moja lisilo na shaka, na yeye hawezi kwenda kumuuliza bibi alikusudia nini, kwa sababu kura ni siri.

Bibi akaniuliza, "Basi zile zote?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa karatasi nyingine.

Ndugu zangu, katika nchi hii tukisema kura imepotea tunatafuta mwizi. Na wizi si jambo la kupuuza. Najua sana kwamba Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017 kwa sababu haukuendeshwa kwa mujibu wa katiba na sheria. Lakini iko kura inayopotea bila kuibiwa na yeyote, na hiyo haina mahakama. Chukueni urais wa 2022. Kati ya wa kwanza na wa pili kulikuwa na tofauti ya kura 233,211. Kura zilizokataliwa zilikuwa 113,614. Rudini nyuma 2013: mshindi alipata asilimia 50.07, maana yake alivuka nusu kwa kura zisizofika 8,500, na zilizokataliwa zilizidi 108,000. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, ikaamuliwa kwamba kura zilizokataliwa zisiingizwe katika kupiga asilimia. Mawakili walibishana siku nzima juu ya karatasi zile. Mimi nilikuwa nikiwaza watu waliozitia debeni, waliosimama kwenye foleni tangu alfajiri na kurudi nyumbani na wino kidoleni, wakiamini wamesema neno lao.

Huyo ndiye mtu wetu. Mkinisikia leo nasema "mtu wetu", namaanisha huyo, simaanishi mgombea.

Na kosa lake lina dawa rahisi, mpaka inaumiza. Mtu akikosea akiwa bado ameshika karatasi, hajaitia debeni, anaruhusiwa kuirudisha kwa msimamizi na kupewa nyingine. Hiyo huitwa iliyoharibika, na haimpunguzii kitu. Ikishaingia debeni, basi. Sentensi moja hiyo, mkiipeleka kwenye nyumba ishirini, mmefanya kazi ya maana. Asiyejua kusoma au asiyeona ana haki ya kuingia na mtu anayemwamini, awe mtu mzima, asiwe mgombea wala wakala. Na mtu huyo humsaidia mpiga kura mmoja tu. Akija peke yake, msimamizi humsaidia mbele ya mawakala. Wengi hawalijui hili. Huona haya, hubaki nyumbani, na wakiulizwa husema siasa haina maana. Nimesikia "siasa haina maana" mara nyingi kutoka kwa watu ambao, ukikaa nao kwa utulivu, walikuwa wanaogopa kuonekana hawajui kusoma.

Haya, matunda.

Kikundi chetu hakiegemei chama chochote. Hili ni sharti la kwanza kabla hujapewa fulana, na ndilo linalowashinda wengi. Hatukatazi mtu kuwa na upande wake. Mimi nina wangu, na nitaupeleka kituoni peke yangu nyuma ya pazia. Tunachokutaka ufanye ni kuufunga mdomo juu ya upande huo muda wote unaofanya kazi hii, kibarazani, kwenye matatu, na kwenye kundi lako la WhatsApp. Mwenzetu mmoja, kijana hodari kabisa, alipita mtaa mzima wiki nzima akifundisha. Jumapili akaonekana kwenye mkutano wa kampeni na kofia ya chama, akicheza. Jumatatu tuliporudi kwenye nyumba zilezile, mama aliyekuwa ametupikia chai siku ya Ijumaa alizungumza nasi kupitia nafasi ya mlango. Alisema kwa adabu, "Wanangu, nimeshafundishwa, ahsanteni." Mtaa ule ulitufungia. Kijana alilia, na nilimhurumia, kwa sababu hakuwa amedanganya mtu. Kila alichokifundisha kilikuwa kweli. Lakini ukweli uliotoka kwenye kinywa cha mtu wa chama, mtaani huwa ni kampeni. Mgombea ana pesa, ana magari ya vipaza sauti, ana leso na unga wa kugawa. Sisi mtaji wetu ni mlango ule kufunguliwa. Ndiyo maana tunafundisha kwa Embe na Nanasi.

Na msiseme kwamba mwenye kujizuia hivi hana msimamo. Mkiuliza kama ni sawa mtu kununua kura, tutasema wazi kwamba ni kosa la jinai, kwa anayetoa na kwa anayepokea, awe nani na wa chama gani. Mkiuliza kama ni sawa kumtisha mpangaji kwa sababu ya kabila lake, kama tulivyoona hapa Likoni mwaka 1997 watu wakichomewa nyumba miezi michache kabla ya uchaguzi, tutasema hapana kwa sauti. Kutoegemea upande wa chama hakumaanishi kukosa upande baina ya haki na dhuluma.

Nitawasimulia Agosti 2022, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilielewa kazi hii inafaa nini.

Tulikuwa tumefundisha rangi sita miezi mitatu. Watoto wa mtaa walikuwa wanaziimba. Jumatatu tarehe 8, siku moja kabla ya kura, ikatangazwa kwamba uchaguzi wa gavana umeahirishwa Mombasa na Kakamega kwa kasoro za karatasi. Kesho yake asubuhi mpiga kura wetu akafika kituoni, akapewa karatasi tano. Akazihesabu, maana tulimfundisha kuhesabu. Bluu hakuna. Unaweza kufikiria. Nilikuwa kwenye foleni yangu mwenyewe, na mbele yangu mwanamume mmoja alimwambia karani, "Nipe yangu ya bluu, usinifanye mjinga." Karani naye alikuwa msichana mdogo, amechoka, amepata usingizi wa saa mbili tu. Wenzangu wawili wakatoka kwenye foleni wakapita nyuma mpaka barabarani, mtu kwa mtu, wakieleza: gavana ana siku yake, si leo, hakuna aliyekunyang'anya. Walieleweka kwa sababu ndio hao hao waliokuwa wamepita na manila. Mgeni angesema maneno yale, pangechimbika.

Halafu kazi ikawa ya kutwa. Tarehe mpya ilikuwa 23 Agosti. Kabla haijafika ikasogezwa tena, ikawa 29. Katikati hapo mshindi wa urais ametangazwa, nchi inatazama mahakamani, na mtaani watu wanasema uchaguzi umekwisha. Tukarudi kwenye feri. Ukifika kivukoni saa kumi na moja na nusu alfajiri unakutana na Likoni yote: mafundi, mama karanga na ndoo zao, askari wa usiku wanaorudi, wanafunzi. Abiria wa miguu halipi, kwa hivyo kila mtu yuko pale, na wote wamesimama kungoja. Tulibeba karatasi moja tu, ya bluu, imeandikwa 29 kwa kalamu nene. Hatukuhubiri. Tulisimama nayo. Mtu akiuliza, tunamjibu. Honi ikilia, tunawapisha. Siku ya nne mama mmoja akaniambia, "Wewe nakujua, wewe ni yule wa bluu." Nililipenda jina lile kuliko cheo chochote nilichowahi kupewa.

Sasa, vijana, mnaniuliza kila mara: na miaka minne iliyobaki? Kura ni siku moja. Ibara ya 201 ya katiba inataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha, na ya 196 inalibana bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na kuwashirikisha wananchi. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika bungeni kufikia 30 Aprili. Hapo ndipo kura yako ama inageuka mtaro na taa ama haigeuki. Mwaka mmoja, katika wadi moja ya Pwani, tuliita watu kusoma bajeti. Kitabu chenyewe kinene, Kiingereza kitupu. Kijana wetu anayesomea uhasibu alikesha nacho, akaupata ukurasa wa wadi, akaandika mistari mitatu ya Kiswahili kwenye manila na kuibandika ukutani. Mama karanga mmoja akauangalia ukuta kwa muda, akasema, "Mtaro wa sokoni uko wapi? Mwaka jana ulikuwemo." Tukatafuta kitabu cha mwaka jana. Kweli ulikuwemo, katika kipya haumo. Waliandika barua siku ile ile, waliojua kuandika wakatia sahihi na wasiojua wakatia dole gumba. Mtaro ukarudishwa. Umejengwa nusu mpaka leo, sitawaficha, na barua ya pili imeshapelekwa.

Kwa hivyo mkijiandikisha hapa mezani, mjue mnachojiandikishia. Posho hakuna. Nauli tunachangiana. Utakaa na mtu mmoja dakika arobaini juu ya kitambulisho chake kilichoandikwa jina vibaya, kwa sababu bila kitambulisho au pasipoti hawezi kujiandikisha kuwa mpiga kura, na utarudi wiki ijayo kuuliza kama kimerekebishwa. Utajifunza kusema "sijui, nitauliza nikurudie", na urudi kweli. Usiku wa kuhesabu kura utamwonyesha jirani yako fomu ya matokeo iliyobandikwa mlangoni pa kituo, umsomee tarakimu, msilinganishe na ndoto ya mtu. Mwaka 2022 fomu za urais za vituo 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti kila mtu azione. Wengi wetu tulibishana mitandaoni bila kufungua hata ya kituo chetu. Mwakani tukija kwenu tutawauliza: ya kituo chako uliisoma?

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Msingoje tarehe hiyo.

Jumamosi hii tunaanzia upande wa Likoni, kivukoni, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Njoo na maji ya kunywa na viatu vya kusimama. Usivae nguo ya rangi ya chama, hata kama ndiyo safi uliyonayo, nitakuletea fulana. Yule bibi wa Timbwani amesema atakuja na wajukuu wake wawili waliotimiza miaka 18, na ameomba apewe karatasi ya kijani aifundishe yeye mwenyewe. Tumemkatia kubwa, maana macho yake yamepungua nguvu. Asanteni. Nani ana swali?